Je, jua limeongeza makali? Jibu linapimwa juu ya angahewa

Kila inapofika Januari na Februari, ujumbe unaoingia kwenye kipindi chetu cha asubuhi hubadilika. Salamu kwa mashangazi na wajomba hupungua, malalamiko ya joto huongezeka. Wengi hutuandikia kwamba jua la siku hizi si lile la zamani. Wengine wanakwenda mbali zaidi na kusema jua limeshuka, limesogea karibu na dunia. Msimu uliopita mkulima mmoja wa pamba alitupigia simu tukiwa hewani akatuuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu vizuri kwa dakika mbili zilizobaki kabla ya taarifa ya habari: kosa ni la jua lenyewe, au ni la binadamu?

Tulimwahidi kwamba tutalitafutia jibu na kuliandika hapa. Swali ni zito kuliko linavyoonekana. Kama jua ndilo lililoongeza moto, basi hakuna wa kulaumiwa na hakuna la kufanya zaidi ya kutafuta kivuli. Kama jua halijabadilika, basi kuna mtu anayepaswa kujibu maswali. Kwa hiyo tuanze na jambo la kwanza: nani anapima jua, na anapima vipi?

Kwa nini kipimo hakifanyiki hapa chini

Mtu anaweza kudhani kupima nguvu ya jua ni kazi rahisi. Unaweka kifaa uwanjani saa sita mchana, unasoma namba, umemaliza. Tatizo ni kwamba mwanga unaotufikia hapa chini umeshapita kwenye chujio. Angahewa, yaani tabaka la hewa linaloizunguka dunia, hunyonya sehemu ya mwanga na kurudisha nyingine angani. Mvuke wa maji, vumbi, moshi wa mashamba yanayochomwa na mawingu, vyote vinakata sehemu yao.

Wenye sola majumbani wanalijua hili bila kufundishwa. Wati zinazoandikwa nyuma ya paneli zimepimwa kwa kudhani kwamba kila mita moja ya mraba inapokea wati 1,000 za mwanga. Hicho ni kiwango cha karibu na mchana mweupe usio na wingu. Lakini juu ya angahewa, kabla mwanga haujachujwa, mita hiyo hiyo ya mraba ikilielekea jua moja kwa moja hupokea wastani wa wati 1,361. Zaidi ya robo ya nguvu hiyo inapotea njiani hata siku ya anga safi, na wingu moja likipita, kinachobaki kinaporomoka ndani ya sekunde chache.

Sasa fikiria unatafuta badiliko la jua lisilozidi sehemu moja kwa elfu. Huwezi kulibaini ukiwa chini ya chujio ambalo lenyewe linabadilika kila saa. Ni sawa na kupima gramu tano za dhahabu kwenye mizani ya magunia huku upepo unavuma.

Watu walijaribu. Mwaka 1838 Mfaransa Claude Pouillet alitumia kifaa chenye maji na kipimajoto, akapata kiasi ambacho kwa vipimo vya leo ni kama wati 1,228. Kwa zana alizokuwa nazo, alikaribia kwa namna ya kushangaza. Mwaka 1881 Mmarekani Samuel Langley alipanda Mlima Whitney kule California ili apunguze hewa iliyokuwa kati yake na jua. Mrithi wake katika taasisi ya Smithsonian, Charles Greeley Abbot, alisambaza vituo kwenye milima mikavu ya mabara mbalimbali. Kimoja kilikuwa hapa Afrika, kwenye Mlima Brukkaros katika nchi ambayo leo ni Namibia, na kilifanya kazi kuanzia 1926 hadi 1931.

Abbot aliamini kwamba ameona jua likipanda na kushuka nguvu, na kwamba angeweza kutabiri hali ya hewa kwa mabadiliko hayo. Baadaye ilionekana kwamba sehemu kubwa ya alichokiona ilikuwa ni angahewa inabadilika, si jua. Miaka mingi ya kazi ngumu milimani ilifundisha somo moja: ukitaka kulipima jua, ondoka kwenye hewa.

Pwani yetu ina kumbukumbu ya somo kama hilo. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka kwenye jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina la Uhuru kwa sababu siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake. Kazi yake haikuwa kupima joto la jua. Ilichunguza mionzi ya eksirei kutoka mbali angani. Lakini sababu ya kuirusha ilikuwa hiyo hiyo: angahewa inaizuia mionzi hiyo isitufikie.

Mizani ya jua inavyofanya kazi

Upimaji wa jua kutoka angani bila kukatika ulianza Novemba 1978 kwa kifaa kilichokuwa ndani ya setilaiti ya Marekani iitwayo Nimbus-7. Tangu hapo vifaa vingi vimepokezana, lakini kanuni yao ni moja, na haihitaji shahada kuielewa.

Ndani ya kifaa kuna kitu kama faneli ndogo iliyozibwa chini, imepakwa weusi tii ili mwanga ukiingia usitoke. Faneli hiyo ina waya wa umeme wa kuipasha moto, na mbele yake kuna kifuniko kinachofungwa na kufunguliwa. Kifuniko kikiwa kimefungwa, umeme peke yake ndio unaoiweka faneli kwenye kiwango fulani cha joto. Kifuniko kikifunguliwa, mwanga wa jua unaingia na kuanza kusaidia kazi ya kupasha. Ili joto lisipande, umeme unapunguzwa. Kiasi cha umeme kilichopunguzwa ndicho nguvu ya jua iliyoingia. Ukigawanya kwa eneo la tundu ambalo mwanga umepitia, unapata wati kwa mita ya mraba.

Kwa maneno mengine, jua linawekwa upande mmoja wa mizani, umeme upande wa pili. Umeme tunaweza kuupima kwa uhakika mkubwa, kwa hiyo na jua tunalipima.

Kuna ugumu mmoja. Huko juu mwanga ni mkali na mionzi ya urujuanimno huchosha rangi nyeusi polepole. Mizani inaanza kuchakaa. Ndiyo maana kifaa kilichorushwa Januari 2003 kwenye chombo cha Marekani cha SORCE kilikuwa na faneli nne. Moja ilifanya kazi kila siku, nyingine zilifunguliwa kwa nadra sana, kwa ajili ya kukagua tu. Wakulima wetu wanaelewa mantiki hii: mizani ya kijijini inapimwa kwa mawe ambayo mkaguzi wa vipimo anakuja nayo, mawe ambayo hayatumiki kila siku.

Siku jua "lilipopungua" wati nne

Katika miaka ya 1990 vitabu vingi viliandika kwamba nguvu ya jua juu ya angahewa ni takriban wati 1,365. SORCE ilipoanza kazi ikasoma kama 1,361. Je, jua lilikuwa limepoa ghafla?

Hapana. Kilichokuwa na kasoro ni mizani. Katika vifaa vingi vya zamani tundu pana lilikuwa mbele na tundu dogo la kupimia lilikuwa nyuma yake. Mwanga wa ziada ulipenya, ukagonga kuta za ndani, na sehemu yake ikaangukia kwenye faneli. Kifaa cha SORCE kiliweka tundu la kupimia mbele kabisa, hivyo mwanga usiotakiwa ukabaki nje. Majaribio ya maabara huko Colorado yalithibitisha chanzo hicho, na mwaka 2011 watafiti Greg Kopp na Judith Lean wakachapisha kiwango kipya cha wati 1,360.8, kinachoweza kupishana kwa nusu wati juu au chini.

Tunalieleza hili kwa sababu linaweza kutumiwa vibaya. Mtu akikuonyesha namba ya zamani na namba mpya, akakwambia jua limepungua au wanasayansi hawajui wanachokifanya, muulize kama analinganisha mizani ile ile. Gunia likipimwa kilo 104 kwa mizani mbovu na kilo 100 kwa mizani nzima, pamba haijapungua.

Jua linabadilika kwa kiasi gani?

Jua linabadilika, na hapa waliotutumia ujumbe hawajakosea kabisa.

Kwanza kuna umbali. Dunia hailizunguki jua kwa duara kamili. Mwanzoni mwa Januari tunakuwa karibu zaidi, mwanzoni mwa Julai tunakuwa mbali zaidi. Juu ya angahewa tofauti hiyo ni kubwa: karibu wati 1,408 mwezi Januari dhidi ya takriban wati 1,317 mwezi Julai. Kwa hiyo anayesema jua "limesogea" Januari anasema kweli, ila linasogea hivyo kila mwaka, na lilisogea hivyo hata wakati wa babu zetu. Ile namba ya 1,361 imeshasahihishwa ili kuondoa tofauti hiyo ya umbali.

Pili kuna mzunguko wa takriban miaka 11. Madoa meusi juu ya jua huongezeka kisha hupungua. Mtu angetarajia madoa yakiwa mengi jua lififie, lakini yanaandamana na maeneo angavu ambayo yanafidia na kuzidi. Hivyo jua lenye madoa mengi hutoa nguvu zaidi kidogo. Tofauti kati ya kilele na bonde la mzunguko huo ni takriban asilimia 0.1, yaani kama wati moja na ushee.

Asilimia 0.1 ni kitu gani kwa mtu wa kawaida? Kwa paneli ya wati 100 juu ya bati lako, ni sehemu moja ya kumi ya wati. Vumbi la wiki moja lisilofutwa linakunyang'anya zaidi ya hapo.

Kwa dunia nzima hesabu inakwenda hivi. Dunia ni tufe, nusu yake ni usiku, kwa hiyo zile wati 1,361 zikisambazwa juu ya uso wote zinakuwa kama 340 kwa kila mita ya mraba. Takriban asilimia 30 inarudishwa angani na mawingu, barafu na ardhi. Ukilipitisha badiliko la wati moja la mzunguko wa jua kwenye hesabu hiyo hiyo, kinachobaki kupasha dunia ni chini ya robo ya wati. Na hicho kinakuja kwa miaka michache, kisha kinaondoka.

Sasa weka pembeni namba ya pili. Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC, katika ripoti yake ya sita linakadiria kwamba shughuli za binadamu kutoka 1750 hadi 2019 zimeongeza msukumo wa joto wa wati 2.72 kwa kila mita ya mraba, hasa kupitia gesi kama kabonidioksidi inayotokana na makaa ya mawe, mafuta na misitu inayokatwa. Mchango wa badiliko la muda mrefu la jua katika kipindi hicho unakaribia sifuri.

Kuna ushahidi mwingine ambao hauhitaji hesabu. Jua lilikuwa tulivu kupita kawaida mwaka 2008 na 2009, na mzunguko uliofuata ulikuwa dhaifu kuliko iliyoutangulia. Hata hivyo muongo wa 2010 ulikuwa na joto zaidi ya muongo uliopita. Tena, kama jua ndilo lingekuwa linatupasha, tabaka za juu za angahewa nazo zingepata joto. Vipimo vinaonyesha tabaka la stratosfia limepoa huku hapa chini kukizidi kupata joto. Nyumba ikiwa na joto sebuleni huku paa likipoa, hutalaumu jua, utatazama nani ameongeza blanketi.

Mnyororo ambao umekaribia kukatika mara mbili

Kauli hizi zote zinasimama juu ya kumbukumbu moja ya zaidi ya miaka 45. Na kumbukumbu hiyo ni mnyororo wa vifaa vilivyopokezana, si kifaa kimoja.

Kwa kuwa kila mizani ina kasoro yake ndogo, mpya lazima ipime jua pamoja na ya zamani kwa muda, ili tofauti yao ijulikane. Ya zamani ikifa kabla mpya haijafika, pengo linabaki, na kwenye pengo kila mtu anaweza kuweka hadithi yake.

Hilo lilitokea. Mwaka 1986 chombo cha Marekani Challenger kililipuka na wanaanga saba wakafariki. Safari nyingi za angani zikaahirishwa, na kifaa kilichokuwa kirithi kazi hakikuruka hadi Septemba 1991. Kile cha kabla yake kilikuwa kimeishia 1989. Kati ya hapo vilibaki vifaa vyenye usahihi mdogo zaidi. Matokeo yake, makundi mawili ya watafiti yaliunganisha data hizo kwa njia tofauti: kundi moja likapata kwamba jua liliongezeka kwa takriban asilimia 0.04 kati ya mabonde mawili ya mzunguko, jingine likapata kwamba halikuongezeka. Ubishi huo ulidumu kwa miaka mingi, na wasiotaka kusikia habari za gesi waliutumia sana, ingawa hata ongezeko hilo lingekuwa kweli ni dogo mno kueleza joto tunaloliona.

Mara ya pili ilikuwa Machi 2011. Setilaiti ya Glory, iliyobeba kifaa cha kuipokea SORCE, haikufika kwenye mzingo wake kwa sababu kifuniko cha kichwa cha roketi hakikuachia. Ikaanguka baharini. SORCE ilikuwa imeshazeeka na betri yake inakufa. Wahandisi wakachukua kifaa cha aina hiyo hiyo kilichokuwa kimebaki ardhini, wakakifunga kwenye setilaiti nyingine na kukirusha Novemba 2013. Desemba mwaka huo wakaiamsha SORCE iliyokuwa imezimwa, ikapima jua kwa wiki moja bega kwa bega na mrithi wake. Wiki hiyo moja iliokoa mnyororo. SORCE ilizimwa rasmi Februari 2020.

Mzigo sasa uko kwenye kifaa cha TSIS-1, kilichopelekwa Desemba 2017 kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. China nayo inapima kupitia setilaiti ya Fengyun-3E iliyorushwa Julai 2021, ikiwa na kifaa kilichotengenezwa kwa kushirikiana na Waswisi. Ulaya ilituma kingine kwenye Proba-3 Desemba 2024, kwa roketi ya India. Lakini kituo cha kimataifa chenyewe kimepangwa kustaafu mwanzoni mwa muongo ujao, na setilaiti yoyote ni kitu kinachozeeka. Mwendelezo unategemea bajeti zinazopitishwa kila mwaka na wanasiasa, na kifaa ambacho kazi yake ni kusoma namba ile ile kila siku hakina mvuto mbele ya kamera.

Kwa nini tuyafuatilie haya tukiwa huku

Oktoba 2024 mashirika ya Marekani ya NASA na NOAA yalitangaza kwamba jua limeingia kipindi cha kilele cha mzunguko wake wa sasa. Mwaka huo huo ndio uliokuwa wa joto zaidi kuwahi kurekodiwa duniani. Wapo waliounganisha mambo hayo mawili haraka. Tumeona hesabu: kilele cha jua kinaongeza kidogo, lakini hakiwezi kubeba mzigo wote.

Miaka inayokuja italeta mtihani wa wazi. Baada ya kilele jua hushuka kuelekea bondeni. Kama lingekuwa ndilo mwenye kosa, dunia ingepoa nalo. Tukiendelea kupata joto wakati jua linapungua, jibu litakuwa mbele ya macho ya kila mtu, mradi tu mizani iwe bado inafanya kazi.

Hili linatuhusu moja kwa moja. Nchi zetu zinakaa kwenye meza za mazungumzo ya tabianchi zikidai kwamba waliochoma makaa na mafuta kwa karne mbili wachangie gharama za ukame, mafuriko na mazao yaliyokauka. Mfuko wa hasara na uharibifu ulikubaliwa mwaka 2022, na bado fedha zake zinavutaniwa. Hoja ya kwamba "ni jua tu" ikipata nguvu, dai hilo linadhoofika. Namba inayosomwa kila siku juu ya angahewa ni shahidi wetu, hata kama hatukuirusha sisi. Na data zake ziko wazi kwa mwanafunzi au mwandishi yeyote mwenye intaneti.

Kwa mkulima wetu wa pamba, jibu letu ni hili. Joto analolihisi shambani lina sababu zaidi ya moja: msimu, mawingu yaliyochelewa, miti iliyokatwa karibu naye, na dunia nzima iliyopata joto kwa zaidi ya digrii moja tangu enzi za viwanda zianze. Jua limepimwa kwa zaidi ya miaka 45 na mizani inayokaguliwa, na limekutwa likipanda na kushuka kwa sehemu moja kwa elfu, bila kupanda moja kwa moja. Aliuliza kosa ni la nani. Si la jua.